Kadari, Ramani na Bonde la Msimbazi

Kila masika inapoleta mafuriko katika miji ya Afrika ya Mashariki, swali la kale la dini na falsafa hurudi vinywani mwa watu: je, maafa ni mapenzi ya Mungu, na kama ndivyo, mwanadamu anayekaa kupima mabonde na kuchora mahali maji yatakapofika anafanya nini hasa? Wapo wanaoiona kazi hiyo kuwa upungufu wa imani, kana kwamba mchoraji anataka kuchungulia mambo ambayo Mwenyezi Mungu amejiwekea mwenyewe. Na wapo, kwa upande wa pili, wanaoamini kwamba sayansi ikishaeleza chanzo cha gharika hapabaki tena la kumwuliza Mungu wala la kuiuliza dhamiri. Makala haya yanashikilia kwamba pande zote mbili zimekosea, na zimekosea kwa namna inayogharimu roho za watu. Ramani ya majanga haigusi enzi ya Mungu hata kidogo. Inachokifanya ni kumnyang'anya mwanadamu kisingizio, kwa kuwa aliyekwisha kujua maji yatapita wapi ana wajibu ambao asiyejua hakuwa nao.

Ramani ya majanga, kwa maelezo mafupi, ni ramani inayoonyesha kwa kila eneo ni janga gani linaweza kulifikia, kwa nguvu kiasi gani na kwa uwezekano gani. Katika elimu hii neno janga hutumika kwa tukio la asili lenyewe, yaani mafuriko, tetemeko, maporomoko ya udongo au mlipuko wa volkano, ilhali maafa ni madhara yanayotokea janga linapowakuta watu. Kati ya janga na maafa yamo mambo mawili. La kwanza ni kuwa njiani mwa janga, yaani watu, nyumba, visima na shule zilizomo ndani ya eneo litakalofikiwa. La pili ni wepesi wa kudhurika, yaani hali zinazomfanya mmoja aangamie na mwingine apone ingawa wamefikiwa na maji yale yale: ukuta wa udongo usio na saruji, uzee, ulemavu, kukosa akiba, kukosa ndugu wa kukimbilia. Hatari, kwa maana ya kitaalamu, hupatikana mambo hayo yakipimwa kwa pamoja, na likikosekana moja hatari nayo hutoweka, ndiyo maana volkano ikilipuka katika kisiwa kisicho na mtu huwa ni janga kubwa lisilo na maafa yoyote.

Kipimo cha uwezekano ndicho kinachowapotosha wengi. Mafuriko yanayoitwa ya miaka mia hayaji kwa zamu kila baada ya karne. Maana yake ni kwamba kila mwaka ipo nafasi moja katika mia ya kutokea kwake, na kwamba yakitokea mwaka huu hayaupi mwaka ujao kinga yoyote. Kwa hesabu hiyo, mtu anayeishi miaka 30 katika eneo la mafuriko hayo ana uwezekano wa takriban asilimia 26 wa kuyaona walau mara moja, na anayeishi hapo miaka 70 ana uwezekano wa nusu kwa nusu. Kisiwa cha Unguja kilipigwa na kimbunga mwezi Aprili 1872 na mikarafuu yake ikaangushwa kwa wingi. Lindi ikapigwa mwezi Aprili 1952. Na katika miaka 80 iliyokuwa kati ya matukio hayo mtu angeweza kuzaliwa, kuzeeka na kufa akiapa kwamba pwani hii haijui vimbunga vya kuua. Mchora ramani hadai kuijua kesho. Anakusanya kumbukumbu iliyo ndefu kuliko umri wa mtu mmoja na kuiweka mbele ya walio hai, na katika kufanya hivyo hamwondolei yeyote haki ya kusema inshallah.

Hoja inayopaswa kushughulikiwa mwanzo ni ile ya adhabu, kwa sababu ndiyo inayosikika upesi zaidi mara maiti wanapoanza kuopolewa. Historia ya fikra inao mfano wake mashuhuri. Tarehe 1 Novemba 1755, katika Sikukuu ya Watakatifu Wote, waumini wakiwa wamejaa makanisani, mji wa Lisbon nchini Ureno ulitikiswa na tetemeko kubwa, likafuatwa na mawimbi ya bahari na kisha moto uliowaka kwa siku kadhaa. Padri Gabriel Malagrida, wa shirika la Wajesuti, alifundisha kwamba hiyo ilikuwa ghadhabu ya Mungu juu ya dhambi za mji, na kwamba kilichotakiwa ni toba. Mwanafalsafa Voltaire aliandika shairi la kuwapinga wanafalsafa waliodai kwamba kila kitu duniani kimepangwa kwa wema. Aliyemjibu Voltaire, katika barua ya mwaka 1756, alikuwa mwanafalsafa mwenzake Rousseau, naye akaleta hoja ambayo hakuna aliyeitarajia: si maumbile yaliyorundika pale nyumba elfu ishirini za ghorofa sita na saba, na lau watu wa mji huo wangeishi kwa kutawanyika, na wasingerudi ndani kuokoa mali zao, madhara yangekuwa madogo mno.

Kauli hiyo ya Rousseau ndiyo mzazi wa dhana ya wepesi wa kudhurika, ingawa yeye hakuwa na jina la kuiita. Hata hivyo ina ukali usiostahili kupita bila kusemwa, kwa sababu inamlaumu mkaazi wa ghorofa ya sita kana kwamba ndiye aliyepanga mji, ilhali maskini wa Lisbon, kama maskini wa mji wowote, alikaa palipopatikana chumba. Lililozaa matunda zaidi lilifanyika kimya kimya nje ya mabishano ya wanafalsafa: serikali ya Ureno, chini ya waziri aliyekuja kujulikana kama Markizi wa Pombal, iliwapelekea mapadri wa parokia orodha ya maswali kuhusu muda ambao tetemeko lilidumu, mitikisiko iliyofuata, namna bahari ilivyopanda au kushuka, nyumba zilizoanguka na watu waliokufa. Majibu yao bado husomwa na wataalamu wa matetemeko. Kwa maneno mengine, wakati baadhi ya watumishi wa dini walikuwa wakihubiri adhabu, wenzao walikuwa wakiandika vipimo, na inafaa kuuliza ni lipi kati ya mafungu hayo mawili lililomtumikia Mungu kwa uaminifu zaidi.

Ramani yenyewe inatoa ushahidi dhidi ya fundisho la adhabu, tena ushahidi wa wazi. Maji hufuata mteremko. Kama mafuriko ya Dar es Salaam yangekuwa malipo ya dhambi, ingebidi dhambi za mji mzima ziwe zimekusanyika katika maeneo ya bondeni ya Jangwani, Kigogo na Mkwajuni, chini ya mstari fulani wa mwinuko, na uadilifu uanzie mita chache juu ya mstari huo. Hilo ni jambo ambalo hakuna mwenye akili timamu atakayelikubali. Wala maandiko hayakuliacha suala hili bila jibu. Katika Injili ya Luka sura ya 13 watu kumi na wanane walioangukiwa na mnara wa Siloamu wanatajwa, na Yesu anakataa waziwazi wazo kwamba walikuwa wakosefu kuliko wakaazi wengine wa Yerusalemu. Katika Uislamu, hadithi zinazokubaliwa kuwa sahihi zinamhesabu aliyekufa maji na aliyeangukiwa na jengo miongoni mwa mashahidi, yaani watu wenye daraja mbele ya Mola wao. Na anayemhesabu aliyekufa maji kuwa shahidi hawezi, kwa kauli hiyo hiyo, kusema kwamba aliangamizwa kwa uovu wake. Mhubiri anayesimama juu ya kaburi la mtoto wa bondeni na kuzungumza juu ya adhabu anasema kinyume cha dini yake mwenyewe.

Hoja ya pili, ya kadari, ni nzito zaidi na inahitaji heshima. Muumini wa kadari husema kwamba ajali ya mtu imekwisha kuandikwa, hivyo akiwa bondeni au mlimani siku yake ikifika itafika. Jibu kongwe na zuri kuliko yote lilitolewa mwaka wa 18 Hijria, sawa na mwaka 639 wa Miladia, Khalifa Umar bin Al-Khattab alipokuwa njiani kwenda Sham akafika Sargh na kupata habari kwamba tauni imeenea mbele yake. Baada ya kushauriana na watu wake aliamua kurudi Madina, na Abu Ubaida bin Al-Jarrah akamwuliza kama anaikimbia kadari ya Mwenyezi Mungu. Umar alikiri kwamba anaikimbia kadari ya Mungu kuelekea kadari ya Mungu, akatoa mfano wa mchungaji aliyeshuka na ngamia wake katika bonde lenye pande mbili, mmoja wenye rutuba na mwingine mkavu: akichunga upande huu amechunga kwa kadari ya Mungu, na akichunga upande ule vivyo hivyo. Inastahili kuangaliwa kwamba mfano huo ni wa bonde na pande zake, jambo lile lile analolichora mpima ardhi. Kadari haimfungi mtu upande mmoja. Kuujua upande wenye nyasi, na miguu ya kuelekea huko, ni sehemu ya yale yaliyoandikwa. Simulizi hiyo hata hivyo haimalizikii kwa ushindi mwepesi, kwa kuwa Abu Ubaida alibaki Sham na jeshi lake akafa kwa tauni hiyo, na Waislamu wanaendelea kumheshimu. Tofauti yao ilihusu uamuzi wa nani aondoke na nani abaki, na uamuzi wa namna hiyo hufanywa vizuri zaidi na mtu mwenye habari kuliko asiye nazo.

Mafundisho mengine yanaelekea huko huko. Mtume Muhammad alimwelekeza bedui amfunge ngamia wake kwanza ndipo amtegemee Mungu; Yusuf, katika Biblia na katika Kurani, alipofasiri ndoto iliyotabiri miaka saba ya njaa hakuketi kuisubiri bali aliweka akiba ya nafaka. Lakini andiko linalofaa zaidi kwa suala hili ni amri ndogo isiyohubiriwa mara nyingi, ile ya Kumbukumbu la Torati sura ya 22, inayomtaka mtu anayejenga nyumba mpya aweke ukingo kuzunguka dari yake, ili damu isiwe juu ya nyumba yake mtu akianguka kutoka huko. Amri hiyo haimwulizi mwenye nyumba kama alimsukuma mtu. Inamhesabia damu kwa sababu alijua kwamba dari isiyo na ukingo huangusha watu, akajenga hivyo hivyo. Hapo ndipo fikra ya dini na fikra ya mchora ramani zinapokutana kabisa: dhara lililoweza kuonekana kabla halijatokea lina mwenyewe.

Mfano wa karibu ni Mto Msimbazi, unaotoka katika vilima vya Pugu na kulikata jiji la Dar es Salaam hadi Bahari ya Hindi karibu na Daraja la Selander. Mwezi Desemba 2011 mvua kubwa kuliko zote tangu mwaka 1954 zilisababisha mafuriko yaliyoua zaidi ya watu 40, na Barabara ya Morogoro pale Jangwani, ambayo ndiyo mshipa wa jiji, imefungwa na maji mara nyingi tangu wakati huo. Kuanzia mwaka 2015 mradi wa Ramani Huria uliwakusanya wanafunzi wa vyuo vikuu na wakaazi wa kata zenye mafuriko ili kuchora upya mitaa ambayo ramani za serikali zilikuwa hazijaifikia. Ndege zisizo na rubani zilipiga picha kutoka juu, lakini picha haionyeshi kila kitu. Haionyeshi kama mtaro uliofunikwa umeziba kwa mchanga na chupa za plastiki, wala maji ya mwaka fulani yalifika wapi. Mambo hayo yanajulikana kwa kutembea mtaa kwa mtaa pamoja na mjumbe wa shina, kupima upana na kina cha kila mtaro, na kumwuliza bibi aliyekaa hapo tangu ujana wake, ambaye huelekeza kidole kwenye alama ya tope iliyobaki ukutani na kusema mwaka ule maji yaliishia gotini, mwaka ule kiunoni, na mwaka ule walipanda juu ya paa. Goti la bibi huyo, likishapimwa na kuunganishwa na magoti ya majirani zake, huwa ni data, na ni data ambayo hakuna setilaiti iliyokuwa nayo. Elimu ya namna hii haistahili kuitwa kiburi mbele ya Mungu, kwa maana imejengwa juu ya ushuhuda wa watu wanyonge waliokubali kusikilizwa.

Swali gumu linaanza ramani inapokamilika. Rangi nyekundu juu ya karatasi inaweza kusomwa kwa namna mbili: kwamba watu hawa wanahitaji kulindwa, au kwamba watu hawa wanahitaji kuondolewa. Baada ya mafuriko ya 2011 familia nyingi zilihamishiwa viwanja vya Mabwepande, mbali kabisa na katikati ya jiji, na baadhi yao walirudi bondeni kwa sababu riziki yao ilikuwa Kariakoo, ambako mtu huenda kwa miguu alfajiri akapata mzigo wa kubeba au sufuria ya chai ya kuuza. Mwishoni mwa mwaka 2015 nyumba za mabondeni zilianza kupigwa alama ya X kwa rangi nyekundu na kubomolewa. Mpangaji, ambaye hana hati wala jina katika daftari la fidia, ndiye mwepesi wa kudhurika kuliko mwenye nyumba, na ndiye asiyeonekana kwa urahisi katika mipango ya aina hii. Mtu aliyetolewa kwenye maji akatupwa penye njaa hajapunguziwa hatari, amebadilishiwa janga. Kwa hiyo tathmini inayopima mwinuko wa ardhi na kuacha kupima nauli ya daladala, kodi ya chumba na umbali wa kisima imefanya nusu ya kazi, na nusu iliyoachwa ndiyo yenye haki ndani yake.

Mji wa Goma, mashariki ya Kongo, unalionyesha jambo hili kwa ukatili mkubwa zaidi. Volkano ya Nyiragongo ilimwaga lava mwaka 1977, ikafika katikati ya mji tarehe 17 Januari 2002 na kuwaacha zaidi ya watu laki moja bila makazi, kisha ikalipuka tena tarehe 22 Mei 2021 bila onyo, wakati ambapo kituo cha kuichunguza kilikuwa kimepungukiwa fedha za kazi zake za kawaida. Njia za lava zimechorwa na zinajulikana. Yanajulikana pia mazuku, mabonde madogo ambamo hewa ya kaboni dioksidi, iliyo nzito kuliko hewa ya kawaida, hutuama hasa usiku na alfajiri pasipo upepo, kiasi kwamba mtu mzima aliyesimama anaweza kupita salama ilhali mbuzi anayekula majani au mtoto anayeinama kuokota kitu anaanguka na kufa. Wenyeji huwaonya watoto wao juu ya mashimo hayo, na wataalamu wa dunia wamechukua hata jina lake kutoka kwao. Basi kwa nini watu walirudi baada ya 2002 na kujenga juu ya lava iliyopoa, kwa kuta za mawe yake meusi? Kwa sababu katika maeneo jirani ya Masisi na Rutshuru kulikuwa na bunduki. Katika hali hiyo ramani haiwezi kumwambia mtu aende wapi, kwa kuwa hakuna upande wa bonde ulio na nyasi, na kumwita mkaazi wa Goma mzembe au mshirikina ni dhuluma juu ya dhuluma. Ukosefu wa chaguo haumo katika volkano. Umetengenezwa na watu, nao ndio wanaodaiwa jibu.

Ramani ina mipaka yake pia, na wanaoitetea hawana budi kuikiri. Tarehe 3 Desemba 2023 tope, mawe na magogo yaliporomoka kutoka Mlima Hanang na kuifunika sehemu ya mji mdogo wa Katesh na vijiji vya jirani, watu zaidi ya 80 wakafa, katika mlima ambao volkano yake ilikwisha kulala zamani na ambao wengi waliuona kuwa mtulivu. Mstari unaochorwa kati ya rangi nyekundu na rangi ya kijani hukata kwa ukali mahali ambapo ardhi yenyewe haikati, na aliye hatua mbili nje yake anaweza kulala usingizi asioustahili. Hapa unyenyekevu ambao dini hufundisha ni sehemu ya kazi yenyewe ya kitaalamu, kwa kuwa ramani inayoficha mashaka yake ni ya hatari kama ukosefu wa ramani.

Nabii Ezekieli, katika sura ya 33, anazungumzia mlinzi aliyeuona upanga ukija asipige tarumbeta, na damu ya waliouawa ikatakiwa mkononi mwake. Leo mlinzi huyo ni wengi: mtaalamu aliyeiacha ramani katika kompyuta ya ofisi, afisa aliyetoa kibali cha kujenga juu ya mkondo wa maji, diwani aliyeahidi mtaro wakati wa kura, tajiri aliyejaza kifusi kingo za mto ili apate kiwanja akasukumia maji kwa jirani asiye na wakili. Wamo pia viongozi wa dini, kwa kuwa ni wao wanaosikilizwa Ijumaa na Jumapili na watu ambao hawatafungua kamwe tovuti ya serikali. Masika ya pwani huanza mwezi Machi. Maimamu, mapadri na wachungaji wa kata za mabondeni na waombe ramani ya kata zao mapema mwezi Februari, waibandike mlangoni mwa msikiti na kanisa pamoja na njia ya kutokea na jina la shule iliyo juu ya maji, na wataje katika hotuba zao ni nyumba zipi zina wazee na wagonjwa watakaohitaji kubebwa. Na serikali za mitaa ziwape ramani hizo bila kuwataka barua tatu.